Mla Jana Kala Nini? Hotuba Kuhusu Maisha ya Kitongojini na Kumbukumbu za Familia

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa wakazi, na inawekwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya ndugu na majirani ambao hawakuweza kuhudhuria. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na akina baba, vijana, na nanyi watoto mlioletwa hapa bila kuulizwa kama mnapenda hotuba: habari za jioni.

Wahenga walituachia methali ambayo hakuna asiyeifahamu: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Nawaheshimu wahenga, lakini jioni hii nimekuja kubishana nao kidogo. Nimekuja kulichukua swali lao kuwa swali la kweli linalongoja jibu. Mla jana kala nini? Alikula na nani? Alikaa upande gani wa meza? Nani alichelewa, nani alinuna, nani alicheka hadi maji yakamtoka puani? Ninachodai ni kwamba kumbukumbu zinazoishikilia familia hazitokani sana na sherehe kubwa wala safari za mbali. Zinatokana na matembezi madogo ya karibu na nyumbani, kwenda kula, kwenda kutazama mchezo, kwenda kusikiliza muziki, matembezi yaliyorudiwa mara nyingi kiasi kwamba wakati ule hakuna aliyedhani kuwa yanastahili kukumbukwa.

Mnivumilie, maana nitaanzia mbali sana. Mwaka 1127 majeshi ya Wajurchen kutoka kaskazini yaliuteka mji wa Kaifeng, makao makuu ya utawala wa Song nchini China, mji uliokadiriwa kuwa na watu wapatao milioni moja na uliokuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa duniani kwa wakati huo. Kati ya wakazi waliokimbilia kusini alikuwamo mtu aitwaye Meng Yuanlao. Miaka ishirini baadaye, uzeeni, alibaini kwamba vijana wa ukoo wake wakiuzungumzia mji ule wanasema mambo yasiyo na msingi, kwa kuwa hawakuuona. Akaketi, akaandika alichokikumbuka, na dibaji yake aliiandika mwaka 1147.

Ndugu zangu, mtu aliyepoteza mji mzima ataandika nini? Tungetarajia majumba ya kifalme, malango na ibada za taifa, na kwa kweli hayo yamo. Lakini Meng Yuanlao anatumia nafasi kubwa ajabu kueleza migahawa, masoko ya usiku, na viwanja vya burudani vyenye vibanda vya maonyesho, vikubwa kati yake vikiweza kuchukua watazamaji maelfu, ambako watu walijaa kila siku bila kujali upepo, mvua, baridi wala joto. Anatueleza hata namna mhudumu wa mgahawa alivyofanya kazi yake. Wateja wa meza moja wanaagiza kila mtu lake: huyu anataka chakula cha moto, yule cha baridi, wa tatu cha vuguvugu, wa nne nyama isiyo na mafuta, wa tano nyama yenye mafuta. Mhudumu anawasikiliza wote, anakwenda karibu na jiko, anayaimba maagizo yote kwa sauti mpaka wapishi wayapate. Punde anarudi, bakuli tatu katika mkono wa kushoto, na juu ya mkono wa kulia zimepangwa bakuli zipatazo ishirini kuanzia kiganjani hadi begani, naye anazigawa moja moja kwa kila aliyeagiza bila kukosea hata moja. Akikosea, mteja humshtaki kwa mkuu wa mgahawa, na mhudumu hukaripiwa, au hukatwa ujira, au hufukuzwa kazi. Wenzangu mliowahi kufanya kazi hiyo mtaona kwamba kwa upande wa lawama hakuna kilichobadilika.

Nataka mlitazame jambo hili kwa makini. Mzee huyu hakukumbuka tu karamu moja ya pekee iliyoandaliwa kwa ajili yake. Alikumbuka kilichotokea kila jioni, kwa watu wote, katika mgahawa wowote. Alikumbuka kilichokuwa cha kawaida, na cha kawaida ndicho alichoona kuwa vijana wake wamenyimwa.

Ulaya ilichelewa kidogo katika habari hii. Kabla ya miaka ya 1760, mtu aliyetaka kula nje mjini Paris kwa kawaida aliketi kwenye meza ya pamoja na asiowajua, kwa saa iliyopangwa, akala kilichopikwa siku hiyo. Kuanzia miaka hiyo ndipo zilipoenea sehemu zenye meza ndogo ndogo, orodha ya vyakula yenye bei, na uhuru wa kuingia saa unayotaka na kuagiza ukitakacho. Naomba tusilipite haraka badiliko hilo la meza, kwa sababu ndilo lililoipa familia mahali pa kukaa peke yake katikati ya watu. Nyumbani, mmoja yuko jikoni, mmoja yuko chumbani, mmoja ameinuka kufungua mlango. Mgahawani, hakuna mwenye kazi ya kufanya na hakuna mwenye pa kwenda. Chakula kimeagizwa, hakijafika, na mmebaki mnatazamana. Muda huo wa kusubiri, ambao wengi wetu huulalamikia, kwa maoni yangu ndio sehemu yenye thamani kuliko zote tulizolipia, kwa maana ndipo baba anapoulizwa ilikuwaje alipokuwa mdogo, na ndipo anapojibu.

Sasa twende kitongojini, maana ndiko tunakoishi, na kitongoji kina historia yake isiyoipendelea sana meza hiyo.

Kitongoji cha kisasa kililetwa na usafiri. Reli ya Metropolitan ya London, iliyofunguliwa Januari 1863 na kuwa reli ya kwanza ya abiria duniani kupita chini ya ardhi ya mji, baadaye ilinyooshwa mpaka mashambani kaskazini-magharibi mwa London, na kampuni yenyewe ikaingia katika biashara ya kujenga na kuuza nyumba kandokando ya njia yake. Kuanzia mwaka 1915 iliitangaza nchi hiyo yote kwa jina la Metro-land, kwa ahadi ya bustani na hewa safi kwa mtu anayefanya kazi mjini. Kitongoji cha reli kilikuwa na fadhila moja: kila mtu alishukia kituoni, na pale kituoni palikuwa na maduka, na penye maduka watu hukutana, watake wasitake.

Gari liliiondoa fadhila hiyo, na sheria ikaimalizia. Mwaka 1926 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi iliyohusu kijiji cha Euclid, kitongoji cha Cleveland katika jimbo la Ohio. Kijiji kilikuwa kimeyagawa maeneo yake kwa matumizi, hapa nyumba za kuishi, pale biashara, kule viwanda, na kampuni moja yenye ardhi ikalalamika kwamba thamani ya mali yake imeshushwa. Mahakama ilikipa kijiji ushindi. Nia haikuwa mbaya: nani anataka kiwanda kando ya dirisha la mtoto? Lakini uzio uliozuia kiwanda ulizuia pia mgahawa mdogo wa pembeni mwa barabara, na ukazuia ukumbi wa muziki, na vitongoji vingi vilivyojengwa kwa mtindo huo vikawa mahali ambapo mtu hawezi kununua hata kikombe cha chai bila kuwasha gari.

Kuna mtu mmoja aliyeliona tatizo hilo mapema na kujaribu kulitibu, na kisa chake mimi hukiona kuwa cha kusikitisha na cha kuchekesha kwa wakati mmoja. Victor Gruen alikuwa msanifu majengo mzaliwa wa Vienna, Myahudi aliyeikimbia Austria mwaka 1938 baada ya Wanazi kuitwaa. Alipofika Marekani alikuta vitongoji ambamo mtu hakutani na mwenzake ila kwa kupanga, naye moyoni alikuwa na Vienna, yenye viwanja vya watu na migahawa ya kahawa ambako mtu huketi saa nzima kwa kikombe kimoja. Oktoba 1956 lilifunguliwa jengo lake la Southdale huko Edina, nje kidogo ya Minneapolis, maduka mengi chini ya paa moja, na katikati uwanja mkubwa wa ndani wenye mimea, viti na kizimba kirefu cha ndege, ambako hali ya hewa ilikuwa ile ile wakati theluji imejaa nje. Katika mpango wake, maduka yalipaswa kuzungukwa na makazi, shule, huduma za tiba, bustani na ziwa, yaani mji kamili wa kutembea kwa miguu. Kilichokuja kujengwa na kuigwa dunia nzima kilikuwa maduka na maegesho ya magari. Gruen alirudi kuishi Austria, na mwaka 1978, katika hotuba aliyoitoa London, aliyakana hadharani majengo yote yaliyoiga kazi yake.

Simo miongoni mwa wanaoyadharau majengo hayo. Vijana wameyageuza kuwa baraza lao, wazee huenda asubuhi kutembea humo kabla maduka hayajafunguliwa, na familia nyingi zina meza yao pale karibu na ngazi za umeme. Watu wakikosa uwanja watautengeneza hata ndani ya duka. Ila tusisahau kwamba ni uwanja wenye mwenyewe, na mwenyewe ana saa ya kuzima taa.

Na burudani je? Hapo nitawapeleka uani kwa mtu mmoja huko New Jersey, aitwaye Richard Hollingshead, mtu wa biashara ya bidhaa za magari. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 aliweka projekta juu ya boneti ya gari lake, akatundika shuka jeupe kwenye miti, akaweka redio nyuma ya shuka ili apate sauti, akaingia garini kutazama. Akafunga vioo, akafungua vioo. Akawasha bomba la kumwagilia bustani juu ya gari ili ajue filamu itaonekanaje wakati wa mvua. Akaegesha gari nyuma ya gari, akaona la mbele linaziba, akainua magurudumu ya mbele kwa vipande vya mbao mpaka kila gari likaona. Majirani zake sijui walisema nini, lakini nawaza wangekuwa majirani zetu. Tarehe 6 Juni 1933 alifungua karibu na Camden sinema ya kwanza ya aina hiyo iliyosajiliwa kwa hataza, ya kutazamwa ukiwa ndani ya gari, na tangazo lake lilikaribisha familia nzima hata watoto wawe na kelele kiasi gani. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 Marekani ilikuwa na sinema za namna hiyo zipatazo 4,000.

Halafu picha ikahamia sebuleni. Huko Levittown, kitongoji cha New York kilichoanza kujengwa mwaka 1947 na kufikisha nyumba zaidi ya 17,000 katika miaka michache, nyumba za toleo la mwaka 1950 ziliuzwa zikiwa na televisheni iliyojengewa kabisa kwenye ngazi. Nyumba hizo, na hili lazima lisemwe, hazikuuzwa kwa Wamarekani weusi. Kuhusu kilichozipata kumbi za sinema, takwimu za Uingereza zinatosha: mwaka 1946 ziliuzwa tiketi zaidi ya bilioni 1.6, na mwaka 1984 ziliuzwa milioni 54.

Je, tulipoteza filamu? Hatukupoteza filamu, tunazo nyingi kuliko muda wa kuzitazama. Tulichopoteza ni njia ya kwenda na njia ya kurudi. Tulipoteza kungojana mlangoni, kuulizana nani amechukua ufunguo, kubishana njia nzima kama yule mwovu alistahili kufa. Kisa cha filamu husahaulika baada ya mwezi, lakini aliyelala usingizi katikati ya onyesho na kukanusha hadi leo, huyo hasahauliki.

Niruhusuni sasa niseme habari za nyumbani kwetu. Tulikuwa na mgahawa mmoja tuliouzoea, wa kwenda kwa miguu, na marehemu baba yangu alikuwa na desturi yake. Mhudumu akileta orodha ya vyakula, baba huvaa miwani, huisoma yote kwa sauti kuanzia mstari wa kwanza, huigeuza nyuma kuhakikisha kwamba hakuna kilichofichwa, humuuliza mhudumu maswali mawili ya kina kuhusu chakula ambacho hana nia ya kukila, kisha huagiza kile kile alichoagiza mara iliyopita na mara ya kabla yake. Sisi watoto tulikuwa tukilitamka agizo lake kwa midomo, bila sauti, pamoja naye. Jioni moja baba aliagiza kitu kingine. Hakueleza kwa nini. Mhudumu alirudia kuuliza, mama akaweka glasi yake mezani, na baba akaikunja orodha kana kwamba hakuna kilichotokea. Leo sote ni watu wazima, na jioni ile bado inajadiliwa. Dada yangu anashikilia kwamba ilikuwa ni siku bibi alipotutembelea. Kaka yangu anaapa kwamba ni siku baba alipopandishwa cheo. Mama anasema jambo hilo halikutokea kabisa.

Kwa nini tunaikumbuka jioni ile? Tunaikumbuka kwa sababu ya nyingine zote zilizofanana. Wataalamu wa kumbukumbu wanatueleza kwamba mambo yanayorudiwa huungana akilini yakawa mwenendo mmoja wa jumla, hata huwezi kuitenga Jumamosi hii na ile, lakini siku mwenendo ukivunjwa, akili hushtuka na kuweka alama. Familia inayokwenda mahali papya kila mara haina mwenendo wa kuvunjwa. Itakumbuka mahali, pengine, na picha zitakuwapo, lakini haitapata ile furaha ya kusema: baba, siku ile, aliagiza kitu kingine!

Na kuhusu nani mkweli kati ya dada, kaka na mama, mimi sitoi hukumu, kwa sababu namjua Ulric Neisser. Chombo cha anga cha Challenger kiliposambaratika angani tarehe 28 Januari 1986, mwanasaikolojia huyu wa Chuo Kikuu cha Emory mjini Atlanta aliwataka wanafunzi, asubuhi ya siku iliyofuata, waandike walikuwa wapi na walizipataje habari hizo. Zaidi ya miaka miwili baadaye, 44 kati yao waliulizwa tena. Robo ya hao walikosea kila kipengele kikuu, na wengi wa waliokosea walikuwa na uhakika kabisa. Walipoonyeshwa maandishi yao wenyewe walishangaa, lakini kumbukumbu ya awali haikuwarudia. Ikiwa ndivyo kwa tukio lililotikisa taifa, itakuwaje kwa agizo la chakula? Kwa hiyo, ndugu zangu, mkibishana mezani msitafute mshindi. Ubishi wenyewe ndio unaolirudisha jambo lile hewani, na kila linaporudi, mtoto aliyezaliwa baadaye hulisikia na kulifanya lake.

Katika chuo hicho hicho, mwaka 2001, wanasaikolojia Marshall Duke na Robyn Fivush walifuatilia jambo hili kwa familia halisi. Wazo lilianzia nyumbani kwa Duke: mke wake, aliyefanya kazi na watoto wenye matatizo ya kujifunza, alikuwa ameona kwamba watoto wanaozijua habari nyingi za familia zao huyakabili magumu vizuri zaidi. Wakatunga maswali 20. Unajua babu na bibi zako walikulia wapi? Unajua wazazi wako walikutanaje? Unajua ni jambo gani baya lililowahi kuipata familia yenu? Wakarekodi pia mazungumzo ya familia mezani wakati wa chakula. Watoto waliojua majibu mengi walielekea kujithamini zaidi na kujiona kuwa wana uwezo juu ya maisha yao. Duke mwenyewe ameonya kwamba kumkaririsha mtoto majibu 20 hakuleti kitu, kwa kuwa anayeyajua majibu ni yule aliyekaa mara nyingi karibu na watu wanaosimulia bila haraka. Na watu husimulia bila haraka wapi? Husimulia pale ambapo hakuna vyombo vya kuosha na chakula bado hakijafika.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie kwa ombi ambalo halitawapendeza wote. Kila inapobandikwa taarifa kwamba mtu anataka kufungua mgahawa mdogo katikati ya nyumba zetu, au kwamba vijana wanaomba uwanja kwa onyesho la jioni moja, karatasi ya kupinga huzungushwa na kujaa sahihi kabla ya siku mbili. Sababu huwa ni kelele na magari. Ni sababu za kweli, nami nina masikio na ninapenda usingizi. Ila naomba, kabla ya sahihi, tukae na mwombaji tumuulize: utafunga saa ngapi, muziki utaelekezwa upande gani, magari yatakaa wapi, na watoto wanaweza kuja kwa miguu? Akiwa na majibu, tumpe mwaka wa majaribio. Asipokuwa na majibu, tumsaidie kuyatafuta. Nami niko tayari kuwa katika kamati itakayoyasimamia hayo, hata kwa zile jioni ambazo simu ya malalamiko italia kwangu.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Nadhani tuna muda wa maswali, na nimeona mkono wa mama mmoja pale nyuma umeinuka tangu nilipotaja majirani.